Nani Apewe Jembe la Otmari?

Sogeeni karibu. Aliyekaa mlangoni aingie ndani, maana katika hadithi hii mlango una mwenyewe. Nina kichwa cha hadithi na kiwiliwili chake, lakini mkia sina. Mkia mtautia ninyi.

Palikuwa na watu watatu katika kijiji kimoja cha huku juu, kwenye ukungu na mianzi. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Lusungu, na kipaji chake kilikuwa kugema. Mvua zikishakolea, machipukizi ya mianzi hutoka ardhini yamenenepa. Mgema huyakata ncha, akafunga chini yake mbeta, yaani kikombe cha mwanzi, na utomvu ukadondoka humo usiku na mchana. Huo ndio ulanzi. Ukinywewa siku ileile ni mtamu, hata mtoto hupewa, nao huitwa mtogwa. Ukilala ndani ya mbeta yenye chachu ya zamani, huumuka na kuwa mkali. Huo ndio mkangafu, na ndio unaowafanya watu wazima wasahau njia ya kwao. Lusungu aliweza kuweka sikio kwenye mbeta akakwambia ulanzi umefikia wapi. Hakuwa msemaji. Watu walisema hata maneno yake huyagema, tone kwa tone.

Wa pili aliitwa Skolastika, lakini wote walimwita Dada Skola. Kipaji chake kilikuwa kuonja na kusema. Akipika mboga za chumvi tupu, uliomba uongezwe. Na alichokisifia ulikiona. Dada Skola akikwambia uji una maziwa, uliyaonja maziwa, hata kama ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wamekauka. Kwa hiyo palipokuwa na shughuli, harusi au msiba, yeye ndiye aliyeshika kata na kugawa kinywaji.

Wa tatu alikuwa Kastory. Kipaji chake kilikuwa nguvu. Gogo la kubebwa na wanaume wanne alilibeba peke yake, akisalimia watu njiani. Na pamoja na mikono ile, angeweza kumtoa kifaranga chini ya mama yake bila kumwamsha. Watoto walimpanda mabegani kama mti. Lakini kulikuwa na usemi kijijini: ulanzi ukiingia, Kastory hutoka. Alipokunywa alivunja mlango wa baba mkwe wake. Alipokunywa alimng'oa meno mdogo wa Lusungu. Alipokunywa, mkewe alikimbilia kwa jirani na mtoto mgongoni, bila viatu, kwenye baridi ya mwezi wa saba.

Kila mara kesho yake alikuja na debe la ulanzi kichwani. Alipiga magoti uani na kusema, "Ilikuwa pombe, si mimi." Na kila mara watu walimjibu kama ilivyo desturi, "Kosa la pombe huoshwa kwa pombe." Debe likafunguliwa, wote wakanywa, mkosaji na aliyekosewa, na neno likaisha. Hata yule aliyeng'olewa meno alikunywa kwa upande mmoja wa mdomo.

Hao ndio watatu. Sasa yupo na mwenye jembe.

Mwenye jembe aliitwa Otmari. Alikuwa na mke, Mama Hilaria, na watoto. Alikuwa binamu wa Kastory, na kwetu binamu ni watani: wanaweza kutukanana mbele ya mchungaji na mchungaji akacheka. Otmari alikuwa na kifua kibovu tangu utotoni. Hakubisha hodi kama watu wengine. Alifika mlangoni, akakohoa mara mbili, na waliokuwa ndani wakasema, "Pita, Baba Hilaria." Mtu aliweza kuwa amefumba macho na bado akajua nani amefika.

Mwaka huo mahindi yake yalifika magotini, na magugu nayo yakafika magotini. Otmari akaita mgowe. Mgowe ni kazi ya kusaidiana. Leo tunakulimia wewe, kesho utanilimia mimi, na malipo ni kinywaji tukimaliza. Lusungu aliombwa alete ulanzi. Dada Skola aliombwa agawe. Kastory alikuja na jembe lake, kwa sababu mgowe bila Kastory ni mgowe wa siku mbili.

Asubuhi walilima kwa furaha. Otmari alipita katikati ya mistari akikagua, akafika kwa Kastory, akasimama, akakohoa mara mbili.

"Mtani," alisema, "palizi yako ni kama kunyolewa na kipofu. Nywele zimebaki, sikio limekwenda."

Maana Kastory alikuwa amekata mahindi mawili na kuacha gugu katikati. Shamba zima lilicheka, na Kastory alicheka kuliko wote, mpaka akaegemea mpini.

"Niondokee, mtani," alisema huku akijifuta machozi. "Ukinichekesha tena nitakata na mguu."

Yakumbukeni maneno hayo ya kinyozi kipofu. Yatarudi.

Sasa sikilizeni alichokifanya Lusungu. Jioni iliyotangulia alikuwa amesimama mianzini, akamfikiria mdogo wake anayetafuna kwa upande mmoja. Akafikiria shamba lililojaa wanaume wenye majembe mikononi, na Kastory katikati yao akiwa amekunywa. Hakumwambia mtu. Alichemsha maji, akaziosha mbeta zake zote kwa maji ya moto, moja baada ya nyingine, mpaka chachu yote ya zamani ikafa. Asubuhi alikinga utomvu mpya peke yake. Aliupeleka jikoni kwa Otmari ukiwa mtamu kama siku ulipoumbwa.

"Kamwene, Dada Skola."

"Kamwene, Lusungu." Dada Skola akachungulia ndani ya debe. "Mbona umelala kimya hivi? Povu liko wapi?"

"Ni mtogwa."

"Yote?"

"Yote."

"Mnyalukolo, ndugu yangu, wewe unaumwa? Wanaume wako juani tangu asubuhi, uje uwape kinywaji cha watoto wanaoota meno?"

Lusungu alitazama kule shambani. "Kastory yupo," alisema.

Dada Skola naye akatazama kule. Kisha akasema, "Umefanya vizuri. Lakini umefanya nusu."

"Nusu nyingine ni yako," alisema Lusungu, akaenda kukaa mpakani mwa shamba.

Sasa sikilizeni alichokifanya Dada Skola. Aliwaza juu ya Otmari. Watu wakigundua wamelipwa maji ya sukari, watamcheka, na mwaka ujao akiita mgowe atakuja peke yake na kikohozi chake. Kwa hiyo alitwanga tangawizi nyingi, akakamua ndimu, akatia pilipili kidogo iume kooni. Akachukua mwiko na kuupigapiga ulanzi mpaka ukatoa povu jeupe. Alionja, akafumba jicho moja. Kisha akatoka nao uani, akasimama mbele ya wanaume waliochoka, na akatumia kipaji chake kingine.

"Jamani, huu umelala kwenye mbeta hadi mbeta ikaomba msamaha! Mwenye watoto akumbuke ana watoto! Mwenye madeni leo atayasahau, kesho atakumbushwa!"

Wakacheka, wakapanga foleni. Zamu ya Kastory ilipofika, Dada Skola alimpimia kidogo.

"Wewe shemeji, nusu kata. Tunakujua. Ukifika kata ya tatu tutatafutana."

"Usinibanie, dada. Nimelima sehemu ya watu wawili."

"Haya, kunywa. Lakini mimi nimeshasema. Ninyi mashahidi."

Watu wakacheka tena. Kastory akanywa kata ya kwanza, akakunja uso, akasema, "Huu kweli mkangafu."

Lusungu aliyaona yote akiwa mpakani. Aliniambia, na sitasahau uso wake alipokuwa akisema, kwamba aliona shamba zima likilewa utomvu. Mmoja alianza kuimba nyimbo za kwaya na kukosea maneno. Mwingine aliinuka akayumba, akamshika mwenzake bega. Mzee mmoja alimlilia mama yake aliyekufa miaka mingi. Kinywaji kile kile, dakika chache kabla ya tangawizi, mtoto wa Otmari alikuwa amekinywa kikombe kizima, naye alikuwa kando ya jiko akicheza na makaa. Lusungu alitaka kucheka. Halafu akaogopa, asijue anaogopa nini. Alijiambia waache, ni mchezo tu, hakuna kitu ndani ya debe. Akakaa.

Sasa sikilizeni alichokifanya Kastory. Alikunywa kata ya pili, akanywa na ya tatu. Ya tatu ilipoisha alikuwa amekaa kwenye gogo, kichwa kimeinama, mikono imening'inia kati ya magoti. Waliokaa karibu naye walisogea kidogo, kama walivyozoea kusogea. Naye aliwaona wakisogea. Otmari alipita akigawa viazi vya kuchoma, amefurahi, shamba lake limeisha. Akafika kwa Kastory, akakohoa mara mbili.

"Mtani! Palizi ile, kweli kama kunyolewa na kipofu. Nywele zimebaki, sikio limekwenda!"

Watu walicheka kama asubuhi. Kastory hakucheka.

"Umesema nini?"

"Nimesema nywele zimebaki..."

Kastory aliinuka na kumsukuma. Alimsukuma mara moja tu, kwa mikono miwili. Otmari alikwenda kinyumenyume, akaanguka, na kisogo kikapiga kinoo, lile jiwe walilonolea majembe asubuhi.

Akaketi mwenyewe. Akajipapasa kichwa, akakohoa mara mbili, akatabasamu.

"Mtani," alisema, "leo umekunywa kweli."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ambayo watu wengi walimsikia akisema. Alienda kulala akilalamikia kichwa. Ukungu wa asubuhi ulipoinuka, yeye hakuinuka.

Tulimzika. Siku ya kuanua matanga watu wakiwa wamejaa uani, Kastory akaja kama alivyokuja siku zote, debe la ulanzi kichwani. Safari hii alikuwa analia. Alipiga magoti mbele ya Mama Hilaria.

"Ilikuwa pombe," alisema. "Si mimi. Mimi ningemuua Otmari? Otmari mtani wangu? Ilikuwa pombe."

Shangazi mmoja, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke asiyeogopa mtu, alishusha pumzi. Hakupenda, lakini desturi ni desturi. Alinyoosha mkono kupokea kata. Kosa la pombe huoshwa kwa pombe.

Ndipo Lusungu, ambaye maneno yake ni tone kwa tone, akadondosha moja.

"Haikuwa pombe."

Watu wakageuka.

"Ulikuwa mtogwa. Niliosha mbeta. Nilikinga asubuhi ileile."

"Mwongo!" alisema Kastory. "Nilionja mwenyewe! Ulinichoma koo!"

Dada Skola akafunika uso kwa khanga. "Ilikuwa tangawizi, shemeji," alisema kutoka ndani ya khanga. "Tangawizi na ndimu. Mtoto amekunywa ulanzi ule ule."

Kastory alibaki amepiga magoti, akatazama mikono yake, akaigeuza mbele na nyuma kama mtu aliyeokota kitu asichokijua.

"Kama haikuwa pombe," aliuliza polepole, "aliyemsukuma alikuwa nani?"

Shangazi alirudisha mkono wake. Debe lile lilibaki pale uani siku nyingi. Hakuna aliyelinywa wala kulimwaga, mpaka likachacha kabisa na nzi wakafia humo.

Serikali ilifanya kazi yake. Polisi walikuja, Kastory akachukuliwa, akahukumiwa, akafungwa, na akamaliza. Ila mahakama haina jembe. Jembe lina desturi yake.

Desturi ya kijiji hicho ni hii. Mtu akifa kwa mkono wa mwenzake bila kukusudiwa, mjane hubaki na jembe la marehemu. Humkabidhi aliyesababisha kifo. Huyo atalima shamba la marehemu kabla ya kulima lake, kila mwaka, mpaka watoto wasimame. Na siku anayolipokea jembe, marehemu huacha kumsumbua. Maana kabla ya hapo, husemwa, marehemu hukaa mlangoni kwa mdeni wake na kusubiri. Jembe ni zito kubeba, lakini asiyelibeba halali.

Ndiyo maana nimesema mlango una mwenyewe.

Lusungu alikuwa wa kwanza kumsikia. Alikuwa mianzini alfajiri, akainama kuweka sikio kwenye mbeta kama kawaida yake. Ndani ya mbeta mtu alikohoa mara mbili. Aligeuka, hapakuwa na mtu. Tangu siku hiyo hajagema. Mianzi yake imerefuka hovyo, haina mwenyewe.

Dada Skola alimsikia akiwa jikoni. Kila akiinua kata kuonja chakula, nyuma ya mlango mtu hukohoa mara mbili. Husema, "Pita, Baba Hilaria," na hakuna anayepita. Siku hizi hapiki kwenye shughuli. Anasema kila kitu kina ladha ya tangawizi, hata maji.

Kastory alimsikia gerezani, nje ya mlango wa chuma. Alidhani akitoka atamwacha humo. Alipofika kwake, alikuta marehemu ametangulia. Alifungua mlango, akakaa chini kizingitini asubuhi nzima, akimngojea aingie wamalizane. Mkewe aliyekuwa amerudi akafunga mizigo yake tena.

Mwezi uliopita, kabla majani makavu hayajachomwa mashambani, wote watatu walikuja shambani kwa Otmari asubuhi moja, kila mmoja kwa njia yake, bila kupatana. Ukungu ulikuwa mzito. Walikutana katikati ya shamba kama watu waliokutana kisimani. Mama Hilaria alikuwa pale na shangazi, na jembe lilikuwa begani mwa Mama Hilaria.

"Nimekuja kuchukua jembe," alisema Kastory.

"Hata mimi," alisema Lusungu.

"Kumbe tumekuja harusini!" alisema shangazi. "Jembe moja, wachumba watatu. Na wewe Skola, usiniambie umekuja kuokota kuni."

"Nimekuja kwa jembe, shangazi," alisema Dada Skola.

Mama Hilaria aliweka jembe chini, akashika mpini. "Semeni," alisema.

Kastory akasema, "Hawa wawili hawakumgusa. Mimi ndiye niliyemgusa. Mikono hii. Nilizoea kusema ni pombe, na ninyi mlizoea kunikubalia, tukanywa tukasahau. Siku ile hapakuwa na pombe. Kwa hiyo ni mimi, na labda siku zile zote ilikuwa mimi. Tangu nitoke sijaonja ulanzi. Siogopi kulewa, mama. Naogopa nisipolewa. Nipe jembe nilale."

Lusungu akasema, "Mimi nilijua kitu ambacho hakuna mwingine alikijua. Nilikaa mpakani nikawaona wanalewa, na nilikuwa na neno moja la kuwalevua wote. Ningesimama nikasema, 'Jamani, huu ni mtogwa,' wangenitukana, wangecheka, na Kastory angecheka nao. Sikusema. Nilijiona mwerevu. Nipe jembe."

Dada Skola akasema, "Lusungu alileta kinywaji kisicho na kosa. Mimi ndiye niliyekipa jina. Nilimwambia mtu huyu mbele ya watu kwamba ataharibika kwenye kata ya tatu, na kwenye kata ya tatu akaharibika. Ningemwambia, 'Shemeji, huu wa leo unaleta usingizi,' angelala pale kwenye gogo. Najua ulimi wangu. Nipe jembe."

"Wewe ulifanya hivyo kumsitiri Otmari," alisema Lusungu.

"Na wewe uliosha mbeta kumwokoa nani? Mbuzi?"

"Nyamazeni!" alisema shangazi. "Mnagombania jembe kama mnagombania nyama. Nisikilizeni. Halikatwi vipande, wala halipokezanwi. Otmari alikuwa na mkono mmoja wa kulimia, na mkono huo atapewa mtu mmoja. Akipewa asiye wake, marehemu atazunguka milango yote hadi mwisho wa dunia." Kisha akamgeukia Mama Hilaria, akasogeza mdomo sikioni mwake, lakini sauti yake haijui kunong'ona. "Mwanangu, fikiri. Kastory umpe jembe, alime hatua chache kutoka jikoni kwako na watoto? Pombe tungemkataza. Hiki alicho nacho tutamkatazaje?"

Kastory alisikia. Aliinamisha kichwa.

"Lakini nisipompa yeye," alisema Mama Hilaria, "nimesema kwamba mikono haina kosa. Nikimpa Lusungu, nani ataosha mbeta tena ili watu wasipigane? Nikimpa Skola, basi kila mtu aliyewahi kumcheka Kastory na kumwambia 'tunakujua' aje na jembe lake. Na mimi nije. Debe la meno ya mdogo wa Lusungu nami nililinywa. Nilikunywa na kusema limekwisha."

Shangazi akarudi nyuma hatua moja, na mimi sijawahi kumwona shangazi akirudi nyuma.

Mama Hilaria akawatazama mmoja mmoja. "Mnamsikia kweli? Wote watatu?"

"Kila siku," walisema.

"Anakohoa mara mbili?"

"Mara mbili."

Aliinua jembe, akaliweka begani. "Kwangu hajaja hata mara moja," alisema. "Kila jioni namsikiliza. Kwangu hajaja." Akaondoka nalo, ukungu ukamfunika.

Hapo ndipo hadithi ilipofika, na haijaenda mbele.

Sikuitunga. Hilaria ni mimi. Mtoto aliyekunywa mtogwa kando ya jiko ni mdogo wangu wa mwisho, na bado anauliza kwa nini baba hakuamka wakati wote walikunywa kinywaji kimoja. Misimu iliyopita tulilima mimi na mama, ndiyo sababu niliacha shule, na shamba bado lilitushinda. Jembe liko nyuma ya mlango wetu. Mama hafungi komeo. Anasema upepo wa huku hauibi kitu, lakini najua anamwachia nani nafasi.

Sisemi ulanzi hauna kosa. Nimeona wengi walioharibiwa na mkangafu wa kweli, na wapo watakaoharibiwa msimu huu. Lakini siku ile mkangafu haukuwepo, na baba yangu alisukumwa. Mimi mwenyewe nikiamka nampa Kastory. Nikimwona Kastory njiani namwogopa, nampa Lusungu. Nikimwona Dada Skola amekaa mbele ya chakula bila kula, nataka kumkimbilia na jembe mkononi ili apone.

Mama amechoka kuwauliza watu wa kwetu, kwa sababu kila mmoja ana debe alilowahi kunywa. Ameniambia, "Nenda ukawaulize wasiotujua. Wasimulie bila kuongeza, halafu usikilize." Nimewasimulia. Mawingu yameanza kukusanyika juu ya milima, na mvua haingoji mtu afikirie.

Lusungu alikinyima kinywaji ukali wake, akanyamaza. Skola alikipa jina. Kastory alinyoosha mikono. Mvua ya kwanza ikinyesha, wote watatu watakuja tena shambani alfajiri, na mama atakuwa amesimama pale na jembe moja.

Je, wewe ungekuwa mama yangu, ungemnyooshea nani mpini?